Pikapu Iliyomwinamia Mama

Mwezi uliopita nilipeleka kigari changu kizee kwa fundi, hapa mjini ninapoishi, kwa sababu kilikuwa kinalia nyuma kila nikipita tuta. Fundi mwenyewe kijana tu, sikio moja lina waya wa muziki. Hakufungua chochote. Alizunguka nyuma, akaweka viganja viwili juu ya buti, akalikandamiza gari kama mtu anayekanda unga, akaliachia, akatega sikio. Kisha akaniuliza, bila hata kunitazama, "Mama, nyuma hapa anakaa nani?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika mlango, halafu kicheko kikageuka, machozi yakanitoka mbele ya mtoto wa watu, maskini, akabaki ameduwaa na spana mkononi. Nikamwambia hakai mtu. Siku hizi hakai mtu. Lakini harufu ya grisi na gunia lililolowa ilikuwa imekwisha nipanda puani, na mimi pale sikuwapo tena. Nilikuwa Kyela, sina meno ya mbele, nimekalia gunia la mpunga nyuma ya pikapu ya babu, na mama yupo kando yangu amejifunika kitenge mpaka usoni.

Wenzangu mliokua enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, mnakumbuka ilivyokuwa. Ghafla vitu vikaonekana. Sabuni yenye harufu, viatu vya mtumba, betri za redio, na magari makuukuu ambayo huko yalikotoka sidhani kama kuna aliyelia yalipoondoka. Babu, baba yake baba, alipata pikapu ya kijani iliyopauka kama jani la mgomba la kiangazi. Vioo vya pembeni vilikwishang'oka kabla haijafika kwetu. Kilichobaki ni kile kidogo cha ndani, cha dereva kutazamia nyuma. Kwa pikapu hiyo babu alikuwa anabeba mpunga, kakao na ndizi kutoka mashamba ya upande wa Ikolo kupeleka mjini, na siku za soko anashuka nayo mpaka Matema, ziwani, ambako ndiko kwao mama. Baba alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya chai huko juu kwenye baridi, nyumbani anakuja kwa nadra, kwa hiyo mimi na mama tuliishi kwa babu.

Sasa, kwa wasio wa kwetu, niwaeleze jambo moja, la sivyo mtanipotea njiani. Kwa wazee wetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, la hasha, ni heshima. Mwanamke hamtazami baba mkwe usoni, hatamki jina lake, akimsikia anakuja anapisha njia na kujibanza. Na mzee naye ana wajibu wake, anakohoa kabla ya kukata kona, anageuza shingo, wala hamtaji mkamwana wake mbele za watu. Siku zile wengi walikwisha legeza, hasa watu wa mjini, lakini nyumba ya babu ilishika kamba. Mimi nilizaliwa nikaikuta hali hiyo, nikaiona ya kawaida kama mvua. Mama na babu waliishi kiwanja kimoja miaka na miaka kama jua na mwezi, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa katikati. "Kamwambie babu yako chakula tayari." "Waambie huko jikoni, ndaga." Ndaga ndiyo asante yetu, na mimi nilibeba nyingi sana, kwenda na kurudi.

Safari ilikuwa na utaratibu wake. Babu anaingia ndani ya gari kwanza, anatazama mbele, anakohoa. Shangazi Subilaga, dada yake baba, aliyekuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mumewe na ulimi wake wote, anakaa kando ya babu. Vijana wa shamba wanapanga magunia nyuma ya dereva, upande wa kulia, juu mpaka yazibe dirisha la nyuma upande huo. Upande wa kushoto wanatupia ndizi, hapo hazizuii kitu. Ndipo mama anatoka nyuma ya jiko, anapanda, anajikunyata kona ya kulia kabisa, nyuma ya ule ukuta wa magunia, ambako jicho la babu kwenye kile kioo halifiki. Mimi ninapiga kelele, "Tayari!" na gari linaondoka.

Na gari lilikuwa linainama. Hata likiwa tupu, hata likiwa limelala uani na kuku wanapita chini yake, pikapu ya babu ilikuwa imeinamisha kona yake ya nyuma, kulia, kwenye kona ya mama. Likitembea linalia pale pale, ngwii, ngwii, ngo. Watu wazima walikunja uso. Mimi nilijua sababu, wala sikuona haja ya kumwuliza mtu. Nilikuwa nimeona wanawake wa kwetu wanavyopiga goti kusalimu, "Mugonile", macho chini. Basi nikaamua kwamba pikapu inamsalimu mama. Babu haruhusiwi kumsalimu, ndiyo maana gari linamsalimu kwa niaba yake, linapiga goti moja. Ile ngwii ndiyo salamu yenyewe. Nilimpenda sana babu kwa jambo hilo, na nikashangaa kwa nini anataka kulitengeneza gari lenye adabu namna ile.

Fundi wa kwanza alikuwa wa Ikolo. Aliruka ruka juu ya kona ya gari, akalitazama linavyonesa, akasema shokapu zimekufa, hazizuii tena. Zikaletwa shokapu za mtumba, zikafungwa. Kunesa kukapungua, lakini goti likabaki pale pale. Babu akalipeleka kwa fundi wa mjini. Huyo akaingia chini, akagonga kila pleti ya springi kwa nyundo akisikiliza kama kuna iliyokatika, hakuna. Akabadilisha bushi, zile raba za kwenye masikio ya springi, kilio kikanyamaza. Mwisho akasema, tuhamishe. Akang'oa springi ya kulia akaipeleka kushoto, na ya kushoto akaileta kulia. Kama ubovu uko kwenye springi, akasema, gari litainamia upande wa pili.

Na kweli, tulirudi nyumbani gari limeinamia kushoto. Babu akapiga mluzi njia nzima. Mimi sikufurahi hata kidogo, maana sasa lilikuwa linazisalimu ndizi.

Lakini kabla mpunga haujaiva, gari likaanza kunyooka, halafu, siku baada ya siku, likarudi kuinamia kulia. Kona ile ile. Na kilio kikarudi pamoja nalo.

Hapo ndipo Shangazi Subilaga alipopata la kusema. Alikuwa anapeta mchele uani, upepo unachukua pumba, naye anaongea kwa sauti ya kusikika jikoni. "Springi imehamishwa, ugonjwa umerudi pale pale. Basi ugonjwa hauko kwenye chuma. Ugonjwa unamfuata mtu." Jirani aliyekuwa naye akaguna. Shangazi akaendelea, "Yule amemtazama baba usoni. Kwenye kile kioo. Mkosi hauji hivi hivi. Tukimaliza kuvuna, wazee wa Matema waitwe waje wamchukue mtu wao."

Nilikuwa nimekaa chini ya kihenge nachezea mawe. Sikuelewa yote, lakini hilo la mwisho nililielewa vizuri sana. Nikakimbilia jikoni. Mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi, ugali unaungua, na hakuwa anauona. Nikamwuliza, "Mama, ni kweli ulimwona babu?" Akanivuta, akanibana kwenye tumbo lake lenye harufu ya moshi na mawese. "Mwanangu," akasema, "mimi babu yako namjua kwa kikohozi tu. Hata angepita sokoni bila kukohoa, nisingemtambua."

Watoto huwa hawaombolezi, wanafanya mipango. Mpango wangu ulikuwa kunenepa. Nikiwa mzito, nitakaa kona ya kushoto, gari litanyooka, na mama atabaki. Nilikula ndizi mbivu asubuhi, mchana na jioni. Nilikula kande, nilikula makombo, nilikula ukoko wa wali mpaka taya zikauma. Shangazi akasema mtoto huyu ana minyoo. Kila safari nilijipeleka mwenyewe kona ya kushoto, nikajikaza, nikashusha pumzi ili niwe mzito zaidi, na nikamtazama mama ng'ambo ya ndizi. Kule mbali juu ya ziwa makundi ya vijidudu vya majini yalikuwa yanapanda angani kama moshi mrefu, milima ya Matema imesimama ya buluu mpaka majini, na mimi naomba kimoyomoyo, nizidi, nizidi. Goti la pikapu halikuinuka.

Mpunga ukavunwa. Siku ya kuwaita wazee ilikuwa imekwisha tajwa, na mama alikuwa amekwisha zifua nguo zake zote, akazikunja vizuri. Nikamwona anakunja na zangu, kisha akazikunjua tena, akazirudisha zilipokuwa. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Nilijua maana yake, na usiniulize nilijuaje.

Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Wiki ile ile akaja Bwana Masudi kununua mpunga. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa pale mjini, baba yake alitokea pwani, ana duka la vipuri lililofunguliwa biashara ilipoachiwa. Mtu wa maneno, kofia nyeupe, tumbo mbele, anajisifu bila aibu. Alipoliona gari limeinama akasahau hata mpunga. "Mzee wangu, hili nani kalishindwa? Aah, hawa mafundi wenu! Mimi nimeyajua magari kabla sijajua kutembea."

Babu akamweleza. Shokapu zimebadilishwa, bushi mpya, springi zimehamishwa. Masudi akachuchumaa nyuma ya gari, akapima kwa kiganja nafasi kati ya tairi na bodi, kulia vidole viwili tu, kushoto shubiri nzima. Akaning'inia kwenye kona ile, akaliachia. Ngwii. Halafu akauliza kwa sauti yake ya dukani, "Nyuma hapa anakaa nani?"

Jamani, swali lile nalisikia mpaka leo.

Babu akatazama mikakao. Hangeweza kumtaja mkamwana wake mbele ya mgeni. Vijana wa shamba wakatazama vidole vya miguu yao. Shangazi akabana midomo, maana kusema mbele ya babu kile alichokisema uani kulimshinda hata yeye. Na leo, nikiwa mtu mzima, ndipo ninapoelewa kwamba mafundi wote wale hawakuwahi kuambiwa. Kila mara gari lilipelekwa kwao tupu, limefagiwa, ukuta wa magunia umebomolewa, mama kaachwa nyumbani. Fundi gani angeota kwamba kuna mtu asiyetajwa?

"Mama," nikasema mimi. "Anakaa mama."

"Basi pakieni," Masudi akasema. "Pakieni kama mnavyopakia siku zote, nione."

Babu akageuka, akatembea mpaka pembeni ya uwanja, akasimama ametupa mgongo. Vijana wakapanga. Gunia juu ya gunia, kulia, nyuma ya dereva. Ndizi kushoto. Masudi akaangalia, macho yakamtoka. "He! Mnabeba mpunga au mnajenga nyumba?" Mama akatoka nyuma ya jiko, kitenge usoni, akapanda, akajikunyata kona yake. Gari likashuka kulia, ngo, mpaka bodi ikagusa tairi.

Masudi akashika kiuno. Alicheka, yule bwana, mpaka kofia ikataka kuanguka. "Mnampeleka mgonjwa hospitali, ugonjwa mnauacha nyumbani! Mficha maradhi kilio humuumbua. Mzee wangu, springi hii haina mkosi, ina magunia. Pleti zimeelemewa upande mmoja mpaka zimesahau kupinda. Ukihamisha, na hizo nyingine zitasahau. Zipelekwe kwa mhunzi azipinde upya, mzigo usambazwe, na huyu dada akae katikati, hapa, aegemee kibanda cha dereva."

"Katikati!" Shangazi akapaza sauti. "Katikati si ndiyo kwenye kioo? Baba amwone?"

Masudi akatazama huyu, akatazama yule. Alianza kuelewa, akaivua kofia yake. Mama hakusogea. Niliiona mikono yake tu, imeshika ukingo wa bodi.

Babu akarudi. Alikohoa kwanza, akapita kando ya gari ametazama chini, akafungua mlango, akaingiza mkono ndani. Hakuomba spana. Alikishika kile kioo cha kutazamia nyuma akakipinda, akakipinda tena, mpaka kikalia krak na kikatoka na skrubu zake. Akakitia mfukoni mwa koti.

"Baba," Shangazi akasema, sauti imepungua, "sasa utaonaje nyuma?"

Babu akafunga mlango taratibu. "Nyuma yangu yupo mwanangu," akasema. "Ataona yeye."

Alimwita mama mwanangu. Mbele ya mgeni, mbele ya vijana, mbele ya Shangazi Subilaga mwenyewe, ambaye alichukua ungo wake akaingia ndani na hatukumwona mpaka jioni. Habari ya wazee wa Matema haikutajwa tena. Kule juu ya gari kitenge kilikuwa kinatikisika. Baada ya muda mama akaniita nipande, akaniambia sikioni, pumzi yake imelowa machozi, "Nenda kamwambie babu yako, ndaga fijo." Nikaruka, nikaipeleka hiyo asante sana. Babu akaitikia kwa kichwa, akapenga kamasi kwa nguvu, akamwuliza Masudi bei ya mpunga.

Pleti zikapindwa upya kwa mhunzi, gari likasimama sawa. Salamu ya goti ikaisha. Mimi niliihuzunikia kidogo, lakini si kwa muda mrefu, kwa sababu wale wawili walipata salamu nyingine. Mama sasa alikaa katikati, juu ya gunia lililokunjwa, ameegemea kibanda cha dereva, anatazama tulikotoka. Babu ndani, anatazama tunakokwenda. Migongo yao ilikuwa inakaribia kugusana, kati yao bati na kioo tu. Na kwa kuwa babu hakuwa na kioo cha nyuma, mama ndiye aliyekuwa anaona kama kuna lori linataka kupita. Likija, anagonga bati kwa kifundo cha kidole, ko. Babu anapisha. Lori likishapita na njia ikiwa nyeupe, anagonga, ko ko. Babu anajibu kwa honi fupi, pii, kisha anakanyaga mafuta. Hakuna aliyewafundisha. Nilikuwa nasinzia miguuni pa mama, michikichi inapita juu yangu kichwa chini miguu juu, vyungu tulivyonunua sokoni Matema vinagongana ndani ya majani makavu, na nasikia hayo mazungumzo yao usingizini, ko, ko ko, pii. Sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule, si kwa godoro, si kwa chandarua.

Babu alifariki mimi nikiwa sekondari. Nilikuta uwanja umejaa watu, vilio, ngoma, majani ya migomba yametandikwa kila mahali. Kabla ya kuzika, watu walipanga mstari kumuaga. Shangazi Subilaga, macho yamevimba, alikwenda mwenyewe nyuma ya jiko akamshika mama mkono. "Wifi, twende. Sasa ruksa, umwone."

Mama akatikisa kichwa. "Namjua," akasema.

Alingoja mpaka jeneza likafunikwa na misumari ikapigwa. Ndipo akatoka, kitenge usoni kama zamani, akapita katikati ya wanaume, nao wakampisha. Akasimama upande wa kichwani. Akakunja kidole, akagonga ubao, ko ko, akabaki ameinamisha kichwa, kama anasubiri honi.